Puli ya krenki inayoyumba: namna ya kuipima, kuitoa na kuikalisha sawa

Puli ya krenki, ile iliyofungwa kwenye ncha ya mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, hairekebishwi kama alaimenti ya matairi. Haina skrubu ya kukaza upande huu na kulegeza ule mpaka mtetemo uishe. Ama imekaa pale kiwanda kilipokusudia, imekazwa kwa nguvu inayotakiwa na raba yake ni nzima, ama sivyo. Ikiwa sivyo, kazi yako ni kujua lipi kati ya hayo limeharibika. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kupima, na sehemu ya kushika spana ni fupi kuliko unavyotarajia. Gereji nyingi hapa Dar zinafanya kinyume: puli inatolewa kwanza, maswali yanafuata, na mwenye gari anarudi nyumbani na mtetemo uleule, safari hii ukisindikizwa na oili inayovuja mbele ya injini.

Na kabla hujaendelea kusoma: puli ya aina hii haichomelewi. Nitaeleza sababu hapo chini, lakini kama gari yako iko gereji sasa hivi na fundi ameshawasha mashine ya weldi, mpigie simu kwanza.

Puli hii inafanya nini

Ukiitazama kwa mbele utadhani ni gurudumu la kuzungushia fenibelti tu. Ikate kichwani mwako uone sehemu tatu: kitovu cha chuma kinachovaa kwenye ncha ya krenkishafti (ndiyo krenki yenyewe), duara la raba lililobanwa katikati, na pete nzito ya chuma kwa nje yenye mifereji ya mkanda. Kitovu na pete havigusani. Kinachoviunganisha ni raba peke yake.

Sababu ya muundo huo ni kwamba krenki haizunguki kwa utulivu kama feni. Injini ya silinda 4 inapiga moto mara mbili kwa kila mzunguko. Gari ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 700 kwa dakika, krenki inapokea mapigo kama 23 kila sekunde. Kila pigo linaisokota kidogo sana, kisha inajirudisha. Chuma kikisokotwa na kujirudisha kina kasi yake ya asili ya kutetemeka, na mapigo ya moto yakiangukia kwenye kasi hiyo, msokoto unakua badala ya kufa. Pete ya nje, kwa sababu ya uzito wake, inakataa kufuata kila mtikisiko huo mdogo. Raba inajivuta kati yake na kitovu, na nguvu ya mtetemo inaishia kuwa joto ndani ya raba. Mwingereza Frederick Lanchester alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutengeneza kidhibiti cha mtetemo wa aina hii mwanzoni mwa karne ya 20, wakati injini ndefu za silinda 6 zilipoanza kuvunja krenki bila sababu iliyoonekana kwa macho.

Krenki ndefu ndiyo inayosokotwa zaidi. Kwa hiyo mwenye Crown au Mark II yenye injini ya silinda 6 ya 1JZ au 2JZ ana sababu kubwa ya kuijali puli hii kuliko mwenye gari ndogo ya silinda 3. Baadhi ya injini ndogo zina puli ya chuma kitupu, haina raba kabisa. Ukiitazama na kukuta ni kipande kimoja, usitafute raba iliyopotea.

Sasa utaona kwa nini weldi ni ubaya. Ukichomelea pete kwenye kitovu, puli haitayumba tena, mkanda utanyooka na gari itaonekana imepona. Lakini umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinameza msokoto wa krenki. Mtetemo huo hauonekani wala hausikiki vizuri ukiwa umekaa ndani ya gari. Unakula bolti ya puli, unakula kii (kipande kidogo cha chuma kinachofunga puli na krenki zizunguke pamoja), unachosha krenki yenyewe. Juu ya hayo, mabonge ya weldi hayana uzito sawa pande zote, hivyo unakuwa umeongeza na mtikisiko wa kawaida.

Kwanza hakikisha ni yenyewe

Mitetemo mingi ninayoiona mjini haitoki kwenye puli ya krenki. Inatoka kwenye mauntingi (vishikio vya raba vinavyobeba injini) zilizokatika, plagi au koili mbovu, au matairi. Anza kwa kutenganisha.

Simamisha gari sehemu tambarare, weka nyutro, panda mizunguko taratibu hadi 3000. Mtetemo ukitokea gari ikiwa imesimama, uko upande wa injini. Usipotokea, lakini unatokea ukifika kilomita 80 au 90 kwa saa barabara ya Bagamoyo, achana na injini. Nenda kabalansi matairi, kagua rimu na sivijointi.

Mtetemo ukija unapokuwa kwenye D umekanyaga breki kwenye foleni, halafu ukiweka N unapungua sana, shuku mauntingi. Ukiwa ni wa kurukaruka bila mpangilio, na ekzosi inatoa pumzi zisizo sawa, injini inamisi. Pima plagi na koili kwanza.

Puli mbovu ina dalili zake. Mtetemo unakuja kwenye mizunguko fulani tu, tuseme kati ya 1800 na 2200, kisha unapita. Mkanda unapiga kelele au unatoka kwenye mifereji ingawa ni mpya. Unasikia mlio wa kugonga kwa chini kama injini ina beringi mbovu, lakini presha ya oili iko sawa. Unakuta unga mweusi wa raba umetapakaa kwenye kifuniko cha mbele cha injini. Kwenye injini ambazo alama za kusomwa na sensa ya krenki ziko kwenye puli yenyewe, taa ya injini inaweza kuwaka kwa kodi ya hitilafu (namba inayosomwa na mashine ya kupimia) kama P0335.

Zima gari. Chukua tochi, uitazame raba kwa karibu, pande zote, ukizungusha krenki kwa mkono. Nyufa ndogo za juujuu si hukumu ya kifo. Raba iliyochomoza nje, iliyolainika kwa oili, au yenye vipande vilivyonyofoka ni mwisho wake. Oili inayovuja kutoka sili ya mbele ya krenki ndiyo inayoua raba nyingi, kwa hiyo ukiona raba imevimba tafuta na chanzo cha oili, la sivyo puli mpya itafuata njia ileile. Gari zilizopita kwenye mafuriko ya bonde la Jangwani wakati wa masika, au zinazolala karibu na bahari, zina jambo la ziada: kutu inayokamata kitovu kwenye krenki. Hilo tutalikuta wakati wa kutoa.

Mstari wa rangi ya kucha

Kipimo hiki ni cha bei ya chini kabisa na ndicho ninachokiamini zaidi. Safisha uso wa puli kwa kitambaa chenye petroli kidogo, acha ukauke. Kwa rangi nyeupe ya kucha au wino wa korekta, chora mstari mmoja mwembamba ulionyooka kuanzia kitovu, ukapita juu ya raba, ukaishia kwenye pete ya nje. Subiri ukauke vizuri, kisha tumia gari siku mbili tatu kama kawaida, foleni na AC ikiwemo.

Tazama tena. Mstari ukiwa bado umenyooka, pete haijateleza. Ukiwa umekatika kwenye raba na kipande cha nje kimesogea, hata milimita mbili, raba imeachia. Hakuna mjadala hapo. Pete iliyoanza kuteleza haisimami. Itaendelea mpaka ichomoke, na ikichomoka kwenye mwendo inaweza kukata mabomba ya rejeta au kupasua kifuniko cha mkanda wa taimingi.

Baada ya hapo pima kuyumba. Funga waya mgumu kwenye bolti yoyote iliyo karibu na injini, ncha yake ikaribie ukingo wa puli bila kugusa. Zungusha krenki kwa soketi kwenye bolti ya puli, taratibu, mzunguko mzima, ukitazama mwanya kati ya ncha ya waya na chuma. Mwenye kipimo chenye uso na mshale kama wa saa atapata namba kamili, lakini jicho linatosha kuona tofauti ya nusu milimita. Kila kiwanda kina kiwango chake; mimi nikiona mwanya umebadilika kwa milimita moja hivi, siirudishi puli hiyo.

Usipime kuyumba kwa kuangalia tu injini ikiwa inaunguruma. Injini nzima inacheza juu ya mauntingi, na jicho linadanganyika.

Alama ya taimingi imehama?

Hapa ndipo puli iliyoteleza inapoharibu kazi ya watu. Alama ya taimingi, ule mkato mdogo, kwa kawaida uko kwenye pete ya nje. Pete ikiteleza, alama inahama nayo, ingawa krenki iko palepale. Puli yenye kipenyo cha sentimita 15 ina mzunguko wa nje wa sentimita 47 hivi, kwa hiyo digrii moja ni kama milimita 1.3. Pete ikihama milimita 13, umepoteza digrii 10.

Fikiria Corolla ya zamani yenye injini ya 5A na distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Taimingi yake ya kiwanda ni digrii 10 kabla ya topu, yaani kabla pistoni haijafika juu kabisa, ikiwa terminali za TE1 na E1 zimeunganishwa kwenye boksi la vipimo. Fundi anaweka taa ya taimingi, anaona alama iko mbali, anazungusha distributa mpaka alama ikae. Amefanya kazi yake sawasawa, lakini kwa alama ya uongo. Injini inaanza kugonga au gari inakuwa nzito, na lawama zinaangukia mafuta ya kituo.

Kuhakiki alama, toa terminali hasi ya betri, toa plagi zote ili krenki izunguke kirahisi. Kwenye tundu la plagi namba moja shusha mrija mgumu wa plastiki mpaka uguse kichwa cha pistoni. Usitumie kijiti cha mshikaki. Kikivunjikia ndani utakuja kufungua silinda hedi kwa ajili ya kijiti. Njia hii inafaa kwa injini ambazo tundu la plagi limenyooka juu ya pistoni. Tundu likiwa la mlalo, mrija utabanwa, kwa hiyo acha.

Zungusha krenki kwa mwelekeo wake wa kawaida, ambao kwa injini nyingi ni kama mshale wa saa ukiitazama puli kwa mbele (Honda nyingi za zamani zenye injini za familia ya B na D huzunguka kinyume). Mrija utapanda, utasimama kidogo, kisha utaanza kushuka. Kosa la wengi ni kusema "pale uliposimama ndipo topu". Pistoni ikifika juu inakaa karibu palepale kwa digrii kadhaa, kwa hiyo jicho halitajua katikati. Fanya hivi badala yake: weka alama kwenye mrija usawa wa mdomo wa tundu wakati pistoni bado inapanda, kama sentimita moja kabla ya kufika juu, na kwenye puli piga alama mbele ya kielekezi kisichosogea. Endelea kuzungusha upande uleule. Mrija utapita juu na kuanza kushuka. Alama ya mrija ikirudi usawa wa mdomo wa tundu, simama, piga alama ya pili kwenye puli mbele ya kielekezi kilekile. Pima katikati ya alama hizo mbili kwa kipande cha karatasi ulichokizungushia puli. Hapo katikati ndipo topu ya kweli. Linganisha na mkato wa kiwanda ukiwa mbele ya alama ya sifuri iliyo kwenye kifuniko cha taimingi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hurudishi krenki nyuma hata mara moja. Kwenye injini za cheni, kama 1NZ ya IST na Vitz, kurudisha nyuma kunaweza kulegeza cheni upande wa tenshena, yaani kikazio chake.

Kununua

Mpya ya kampuni ndiyo salama, kopi nzuri inafuata. Ya mtumba kutoka Ilala au Kariakoo si dhambi, ila raba inazeeka hata ikiwa imekaa rafuni, na puli iliyotoka kwenye injini ya 2003 ina raba ya 2003. Ukienda dukani beba ya zamani. Linganisha kina cha kitovu, idadi ya mifereji, mahali pa mkato wa taimingi ukilinganisha na mfereji wa kii, na kipenyo. Puli inayoingia vizuri kwenye krenki lakini imetengenezwa kwa injini nyingine ya familia hiyohiyo inaweza kuwa na pete ya uzito tofauti. Itafunga, mkanda utazunguka, na haitadhibiti mtetemo wa krenki yako.

Pitisha kucha juu ya sehemu laini ya kitovu pale sili ya oili inaposugua. Kucha ikikwama kwenye mtaro, sili mpya haitaziba hapo. Muuzaji akikuambia "hiyo haina shida kaka, weka silikoni", rudisha rafuni.

Nunua na sili ya mbele papo hapo. Ni kitu cha bei ndogo, na kuifungulia tena wiki ijayo ni kurudia kazi nzima.

Kutoa

Kwenye gari nyingi za Toyota zenye injini iliyolala, puli inatazama tairi la mbele kulia. Legeza nati za tairi kabla ya kuinua. Gereji nyingi ni mchanga chini ya mwembe, kwa hiyo weka kipande cha ubao mnene chini ya jeki na chini ya stendi. Stendi juu ya mchanga mtupu inazama upande mmoja bila kukuaga. Toa tairi na lile plastiki la ndani ya madigadi. Kwa Crown na Mark II puli iko nyuma ya rejeta na itakubidi utoe feni ili upate nafasi.

Piga picha njia ya mkanda kwa simu kabla hujaugusa. Kisha legeza tenshena, au alteneta kama ndiyo inayokaza, toa mkanda.

Mkanda ukiwa umetoka, zungusha puli nyingine kwa mkono. Sikiliza na alteneta, pampu ya maji na kompresa kila moja peke yake. Beringi mbovu ya alteneta imewahi kuuza puli nyingi za krenki zisizo na hatia.

Sasa bolti. Kwa injini nyingi inafunguka kinyume cha saa, na imekazwa kweli. Tatizo ni kuzuia krenki isizunguke. Gari ya gia za mkono: weka gia ya 5, mtu akanyage breki kwa nguvu. Gari ya otomatiki, kuweka P hakusaidii kitu. Unahitaji kishikio: kipande cha bapa cha chuma cha kama mita moja, kimetobolewa matundu mawili yanayolingana na matundu yenye nyuzi kwenye kitovu, na tundu kubwa katikati la kupitishia soketi. Mchomeleaji yeyote wa mtaani atakitengeneza kwa dakika chache.

Kishikio kishike kitovu, si pete. Mnyororo au spana ya mnyororo kwenye pete ya nje inapitisha nguvu yote kwenye raba, na puli nzima inaweza kuharibikia hapo hapo. Bisibisi kwenye meno ya flaiwili vilevile usiweke. Jino likivunjika, ni giaboksi chini. Na ile mbinu ya kuegemeza mpini kwenye chasisi kisha kupiga stata ili bolti ijifungue yenyewe, nimeona mpini ukiruka na kuingia kwenye mlango. Bunduki ya upepo ni bora mara kumi kwa kufungulia. Kwa kufungia, hapana.

Bolti ikitoka, puli nyingi za Kijapani zinatoka kwa kutikiswa na mikono miwili. Ikigoma, nyunyizia mafuta ya kutu kidogo kwenye ncha ya krenki, usiyamwage kwenye raba, subiri. Kisha tumia pula, kifaa cha kuvutia puli nje, inayofungwa kwa bolti kwenye matundu ya kitovu. Pula ya kucha tatu inayong'ang'ania ukingo wa pete itachomoa pete na kukuachia kitovu kwenye krenki. Nyundo iache kwenye sanduku. Kila pigo linasafiri kwenye krenki hadi kwenye beringi zinazoizuia isiende mbele na nyuma. Moto nao usipashe, raba haivumilii.

"Bosi, tukiigonga kidogo tu inatoka," fundi atakuambia.

"Fundi, tufuate pula. Nitalipia boda."

Nauli ya boda kwenda kuazima pula ni ndogo kuliko gharama yoyote inayofuata baada ya nyundo.

Kukalisha

Safisha ncha ya krenki kwa kitambaa, ondoa kutu kwa msasa laini sana. Angalia kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji na kuifanya puli iingie namna moja tu. Kii ikiwa imelika pembe au inacheza, badilisha. Angalia na mfereji wake kwenye krenki. Ukiwa umepanuka, hilo ni suala la fundi wa mashine kubwa, na puli mpya haitalitatua.

Badilisha sili. Ingiza mpya kwa usawa, ikae kina kilekile cha zamani, paka oili ya injini kwenye mdomo wake. Paka na kitovu cha puli mahali pa sili. Pete na raba ziache kavu.

Linganisha mfereji wa puli na kii, sukuma kwa mikono. Usiihisi kii kwa kubahatisha: ikiwa imenyanyuka upande mmoja, puli itaisukuma nyuma, itakaa imepinda, na kuyumba kutarudi na puli mpya. Tazama kwa tochi uhakikishe kii iko ndani ya mfereji wote. Puli isiyofika mwisho, ivute kwa kifaa cha kuingizia au bolti ndefu yenye nati na washa. Bolti ya kiwanda, kama bado imeshika nyuzi chache tu, usiitumie kuvuta. Nyuzi za ndani ya krenki zikichanika, utalia. Washa ya kuziba pengo nyuma ya puli haiwekwi.

Kukaza kuna namba. Kwa niutoni-mita (Nm), 1NZ-FE ni 128 Nm, 1ZZ-FE ni 138 Nm, 2JZ ni 330 Nm. Kwa injini nyingine fungua kitabu chake. Baadhi ya bolti hukazwa kwa digrii na hazirudiwi, kwa hiyo angalia hilo kabla ya kurudisha ya zamani. Bolti iliyolegea inaiacha puli icheze juu ya kii mpaka iikate, na iliyokazwa kupita kiasi inakatika ndani ya krenki.

Kama huna toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, ipo njia. Chukua mpini wenye urefu wa mita moja kamili kutoka katikati ya bolti hadi mahali pa kuvutia, na mizani ya ndoano kama ile wanayopimia samaki soko la Feri. Ning'iniza ndoano kwenye ncha, vuta kwa pembe mraba na mpini. Kilo 13 kwa mita moja ni karibu 128 Nm, kilo 14 ni karibu 138, kilo 34 ni karibu 333. Vuta taratibu, usitikise, soma mizani wakati bolti inasogea. Si sahihi kama kifaa chenyewe, lakini ni mbali sana na "nimekaza kwa nguvu zangu zote".

Mkanda na puli nyingine

Puli ikiwa imekaa, weka rula ndefu ya chuma au bomba la mraba lililonyooka kwenye uso wa puli ya krenki, lifikie puli ya alteneta na kompresa. Mifereji iwe kwenye mstari mmoja. Puli moja ikiwa imejitokeza, chunguza kama imekosewa, ama kama bolti za alteneta zimekaa vibaya kwenye mkono wake.

Rudisha mkanda kwa kufuata ile picha, unganisha betri, washa. Simama pembeni, si mbele ya mstari wa mkanda. Ukisikia kelele, nyunyizia maji kidogo upande wa mifereji. Kelele ikikatika kwa muda kisha ikarudi, puli haziko kwenye mstari. Ikizidi, mkanda umelegea au tenshena imechoka.

Panda mizunguko mpaka pale mtetemo ulipokuwa unakuja. Ukiwa bado upo, na puli mpya haiyumbi, rudi kwenye mauntingi. Hasa ile ya upande wa puli, kwa sababu mara nyingi injini huinuliwa kwa jeki ili kupata nafasi, na mauntingi iliyokuwa na ufa inamalizikia hapo.

Chora mstari mpya wa rangi ya kucha kwenye puli mpya kabla hujarudisha plastiki ya madigadi. Utautazama kila ukibadilisha oili. Ile ya zamani usiiache gereji ikiwa nzima: ikipigwa rangi nyeusi inaweza kurudi rafuni na kuuzwa kama nzuri. Mwambie mchomeleaji aikate pete vipande viwili, ndipo uende nayo kwa wanunuzi wa chuma chakavu.